Hawa wauza madesa ya mtihani wa leseni ya udaktari hapa Dar wanatupiga mchana kweupe

Wakuu, salamu. Leo sina lugha laini.

Kuna watu hapa mjini wanaendesha wanachokiita "marudio ya uhakika". Unatuma 45,000 kwa simu, unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp, unatupiwa pdf moja nene yenye pointi za kukariri kuanzia anatomia hadi famakolojia, na Jumamosi mnabanana kwenye ukumbi wa kukodi Sinza, feni moja, watu wanajipepea na madesa yenyewe. Jina siliweki, waliolipa wanawajua.

Hela ningesamehe. Dar hii kupigwa ni kawaida. Ila nimekaa na hilo desa na kitabu pembeni, nimechoka kuhesabu madudu.

Seli mundu, ugonjwa tunaokutana nao wodini kila siku, wameandika kwamba kwenye himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) asidi amino ya valini imebadilishwa kuwa asidi ya glutamiki. Ni kinyume! Asidi ya glutamiki ndiyo inayotoka na valini inaingia, nafasi ya 6 kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini. Kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, heparini wameipa vitamini K kama dawa ya kuizima ikizidi, na wafarini wameipa protamini. Yaani wamegeuza zote mbili, hata kwa bahati mbaya hawakupatia moja.

Malaria kali: eti dozi ya atesuneti, dawa yake ya sindano, ni miligramu 2.4 kwa kilo kwa kila mgonjwa. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa 3, na WHO walishalisema hilo kwenye mwongozo wa 2015. Mtu anayeuza desa mwaka huu amelala wapi miaka yote hiyo?

Lililonitoa povu zaidi ni kifafa cha mimba. Desa linasema dalili ya kwanza ya magneziamu, dawa anayopewa mama, kuzidi mwilini ni mgonjwa kuacha kupumua. Jamani! Refleksi ya goti inapotea kwanza, ndiyo maana kabla ya kurudia dozi unagonga goti, unahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, unaangalia mkojo kama unafika mililita 30 kwa saa. Ukisubiri mama aache kupumua ndipo ukumbuke kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magneziamu iliyozidi, umechelewa. Halafu kalsiamu yenyewe hawajaitaja popote, wameruka moja kwa moja kwenye "maswali yanayopenda kutoka".

Darasani ndiyo kichekesho. Mwalimu anasoma swali, anasema "jibu C, twende". Dada mmoja akauliza kwa nini siyo B. Akajibiwa, "Dokta, hapa hatufundishi udaktari, tunafundisha kufaulu." Watu wakacheka. Mimi nilipoweka makosa ya heparini kwenye grupu, na picha ya ukurasa wa kitabu, admini akanitoa bila hata salamu. Kurudishiwa hela? Simu haipokelewi.

Na msiniambie "mtihani ni mtihani tu, ya wodini utajifunza wodini". Daktari mtarajali, aliye bado kwenye mafunzo ya vitendo, akiachiwa wodi saa nane usiku, bosi yuko kwake Mbezi, anachokishika kichwani ndicho kinachoingia kwenye bomba la sindano. Ukikariri herufi C bila sababu, swali likigeuzwa kidogo umekwisha, na wagonjwa hawaji na machaguo manne.

Wenye biashara hii najua mnapita humu. Tumeni masahihisho kwa wote mliowauzia, siyo kwa waliolalamika tu, au rudisheni hela kwa namba zilezile zilizowatumia.

Mnaojiandaa sasa hivi, mwongozo wa matibabu wa wizara upo bure, anzeni nao kwa dozi. Wenye desa hilo wekeni hapa kurasa mnazozitilia shaka tuzikague pamoja. Mimi nimeishia kwenye antibayotiki, na huko nako kunanuka.