Redio yetu ya nyimbo za Injili imekufa, sawa. Nyimbo za kwaya zetu mmezipeleka wapi?

Wakuu, habari za usiku.

Uzi huu ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira, asiyekuwa na muda apite tu. Jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu siku mitambo ilipozimwa, nikijiambia ni mambo ya kanisa, yamalizwe kanisani. Yamekaa huko mpaka yameota ukungu. Leo nayatoa nje.

Mji sitautaja, wala jina la redio, wala la kiongozi yeyote. Ni huku Kanda ya Ziwa, na wahusika wakisoma watajijua.

Redio yetu ilikaa hewani miezi 19. Ilikuwa redio ya nyimbo za Injili tu, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Hakukuwa na mpira wala siasa, mahubiri yenyewe nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kwingine kote ni kwaya, tenzi na mapambio. Niliitumikia tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho bila mshahara: mchana kipindi cha salamu, Jumamosi kurekodi kwaya. Nauli yangu mwenyewe, chakula changu mwenyewe. Sidai hata senti moja kwa hilo, nilijitolea kwa moyo na ningejitolea tena.

Ila nakumbuka ilivyoanza. Jumapili nne mfululizo ziligawiwa bahasha za kaki, kila nyumba yake. Ambao hawakuwa na hela walileta walichonacho: debe la mahindi, kuku, mikungu ya ndizi, vikapigwa mnada hapo hapo nje baada ya ibada. Kuna mama alileta trei moja ya mayai. Ilinunuliwa, aliyenunua akairudisha, ikapigwa mnada tena, ikarudishwa tena, mpaka trei moja ikaingiza hela ya kulipia mfuko wa saruji. Redio ile ilijengwa hivyo. Hakuna mfadhili wa nje aliyeleta kontena. Ni mayai na mahindi ya watu wanaonunua umeme wa LUKU wa elfu moja moja.

Kwa vijana ambao hawaelewi kwa nini tulijikamua hivyo: kabla ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, huku bara redio ilikuwa ya serikali tu, RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1994 zikaja Radio One na Radio Tumaini kule Dar, 1995 Radio Kwizera ikaanza Ngara wakati wa wakimbizi, 1996 Radio Maria ikaanzia Songea. Milango ikafunguka. Lakini kwaya ya kijijini kwetu, inayoimba Kizinza au Kisukuma, nani wa Dar angeipiga? Ukipeleka sidii unaambiwa sauti haina ubora. Sisi tulitaka redio ambayo mwimbaji anaweza kuiendea kwa baiskeli, akaimba, akarudi nyumbani akajisikia hewani.

Na walikuja! Studio ilikuwa chumba kimoja kilichokuwa stoo ya kanisa. Hela ya sponji za ukutani haikuwepo, tukagongelea trei za mayai, ukuta mzima hadi darini. Paa lilikuwa la bati, kwa hiyo mvua ikianza tunasimamisha kurekodi, watu 30 wamekaa kimya jasho linawatiririka, wanasubiri ipite. Nyuma kulikuwa na jogoo wa jirani ambaye hakuwa na saa maalumu ya kuwika. Kipaza sauti kilikuwa kimoja kizuri na viwili vya kuungaunga. Kwaya inasimama nusu duara, besi nyuma, sauti ya kwanza mbele, na mwalimu wa kwaya anapiga hatua moja nyuma kila akitaka kuimba kwa sababu ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Kila wimbo niliuandika kwenye kauntabuku: jina la kwaya, kijiji, mtunzi, lugha, tarehe. Kauntabuku ninayo hapa mezani. Nyimbo 412, kwaya 37. Kati ya hizo, 61 ni za Kizinza. Mwenye kukijua Kizinza anajua maana ya namba hiyo. Watoto wetu wengi sasa wanakisikia kwa bibi tu, na bibi wanaondoka.

Sasa tuje kwenye kufa kwenyewe, maana hapo ndipo uongo umejaa.

Wapo wanaosema ni vita vya kiroho, adui hakupenda kazi ya Mungu. Mtu mzima amesimama madhabahuni anasema hivyo. Hapana. Ni nyaya za shaba. Mawimbi ya FM yanakwenda mstari ulionyooka, hayapindi kilima, ndiyo maana mnara tuliupandisha juu mlimani. Na mnara juu ya mlima katika ukanda huu wa ziwa, wenye radi kama hizi zetu, lazima uwe na nyaya nene za shaba za kushusha umeme wa radi ardhini. Zetu ziliibiwa. Mlinzi alitoa taarifa asubuhi ile ile. Mimi mwenyewe niliandika barua kwa kamati ya redio, nikapeleka kwa mkono, nikaambiwa itajadiliwa kwenye kikao. Kikao cha kwanza kiliahirishwa. Cha pili wakajadili sare za sherehe ya redio. Wiki ya sita tangu wizi, mvua za masika zikiwa zimechanganya, radi ikapiga mnara usiku, ikashuka moja kwa moja kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Asubuhi tulipofungua mlango tulikuta harufu ya plastiki iliyoungua na mjusi mfu juu ya meza.

Hasara ile ilizuilika kwa nyaya. Nyaya!

Wakaitisha mchango wa pili. Watu walitoa. Narudia, WALITOA, na safari hii wengi waliuza vya ndani. Mtambo mwingine haukuja. Hesabu haikusomwa. Ukiuliza unaitwa mchochezi, ukiuliza mara ya pili unatolewa kwenye uongozi wa kwaya. Huku nyuma leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ina ada, na ada ina tarehe, nayo ikapita. Masafa ni mali ya taifa, huwezi kuyakalia kama kiti cha harusini, na ukishindwa kuyatumia yanapewa mwingine. Leo ukifungua pale pale tulipokuwa sisi unakutana na matangazo ya kubeti. Mama yangu bado hajahamisha mshale wa redio yake. Anasema labda watarudi.

Hata hilo ningemeza. Redio zinakufa. Kubwa kuliko yetu zimekufa. Mwaka 1963 Walutheri walifungua kituo cha Sauti ya Injili kule Addis Ababa, masafa mafupi, Kiswahili kikiwa moja ya lugha zake, na vipindi vya Kiswahili vikiandaliwa studio ya Moshi. Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikakitaifisha. Miaka 14 ikakatwa siku moja. Lakini Moshi hawakufunga mlango wakatupa ufunguo, na hadi leo Redio Sauti ya Injili ipo hewani. Wale walinyang'anywa na jeshi. Sisi tumenyang'anywa na nani?

Kinachonitoa machozi ni zile nyimbo 412.

Mwalimu mmoja wa kwaya, mtunzi wa nyimbo 14 kati ya zile za Kizinza, alifariki mwaka jana. Mzee wa watu hakuwa na simu ya kurekodia wala albamu sokoni. Sauti yake ilirekodiwa sehemu moja tu duniani, kwenye kile chumba cha trei za mayai. Siku ya pili ya msiba binti yake alikuja nyumbani kwangu akiwa amejifunga kanga kiunoni, akaniambia, "Kaka, naomba wimbo mmoja tu wa baba tuuweke kabla ya kutoka na mwili." Nikachukua pikipiki. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, akanituma kwa katibu. Katibu akasema kompyuta zenye nyimbo ziko kwa fundi mjini. Fundi akasema hajawahi kuziona. Nikarudi kwa katibu, akaniambia basi zitakuwa stoo, ila ufunguo anao mzee fulani, na mzee yuko safarini. Nilipigwa danadana mpaka saa 9 alasiri. Tukamzika mwalimu wa kwaya kwa spika ya kukodi, inapiga wimbo wa kwaya ya Dar ambayo hajawahi kuiona.

Binti yake hakunilaumu. Ndiyo maana silali.

Sasa wazee wangu wa kamati, shikamooni. Nawaheshimu, wengine mlinibatiza. Lakini nisikilizeni. Mnasema vifaa vya redio ni mali ya kanisa na kamati ndiyo yenye maamuzi. Meza ni za kamati. Kompyuta ni ya kamati. Nyimbo siyo zenu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ile iliyoleta COSOTA, chombo cha hakimiliki, inamtambua mtunzi na mwimbaji. Mwenye ufunguo wa stoo hamo. Hakuna mwalimu wa kwaya hata mmoja aliyewasainia kuwapa utunzi wake, najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawaandikisha. Mnakalia mali ya watu.

Na muda unakwenda. Diski ya kompyuta iliyoachwa kwenye stoo yenye unyevu na panya haikai milele. Zilipendwa za RTD tunazisikia leo kwa sababu kuna mtu alikuwa anarudisha kila utepe kwenye kasha lake, akaandika jina ubavuni, akauweka kwenye rafu. Kazi ndogo tu. Hiyo hiyo ndiyo ninayoomba kwenu.

Ninachotaka ni hiki. Mfungue stoo mbele ya mashahidi, walimu wa kwaya wakiwepo. Nipewe kompyuta zile mbili siku tatu tu, nitakuja na diski zangu za kunakilia nilizonunua kwa hela yangu, ninakili kila wimbo, kisha niwarudishie vyuma vyenu. Kila kwaya ipewe flashi yake. Halafu msome hesabu ya mchango wa pili, hadharani, kama mlivyosoma majina ya waliotoa.

Nawasilisha.

NYONGEZA, saa 5 usiku: Kuna mkuu ameuliza kwa nini sikunakili nyimbo mapema nikiwa bado kazini. Swali la haki. Nilinakili za miezi minne ya mwanzo, hizo zipo salama na wenye nazo nimeshawapa. Baada ya hapo kamati ikapiga marufuku flashi studio, wakasema tunaleta virusi na tunauza nyimbo mitaani. Nilitii. Ni kosa langu na sitalikwepa.

Mwingine anasema niende polisi. Nimefikiria. Kwanza nataka walimu wote wa kwaya 37 waweke sahihi kwenye barua moja, mpaka sasa wamesaini 22. Wawili wamekataa, wanaogopa kutengwa. Kama wewe ni mmoja wa waliobaki na unasoma hapa, nitafute, barua nakuletea mpaka mlangoni.

NYONGEZA YA PILI: Wakuu, mmoja wenu amenitumia inboksi sauti ya dakika 2 na nusu. Alirekodi kwa simu kutoka kwenye redio yake, akiwa dukani, zamani hizo. Ni mzee wetu, wimbo wa Kizinza, solo mwenyewe. Katikati jogoo anawika. Nimempelekea binti yake usiku huu huu, alama zimeshageuka bluu, hajajibu.

Kesho saa 3 asubuhi nitakuwa kwenye geti la stoo na kauntabuku yangu. Anayeweza kuja, aje.