Programu ya video au karatasi na kalamu? Tunataka ubingwa, tuhesabu nini

BenchiLaPili: Wakuu, habari za humu. Klabu yetu ya kikapu iliishia nusu fainali msimu uliopita, na safari hii uongozi umetenga fungu la takwimu. Nimeambiwa nichague moja: kulipia programu inayochambua video yenyewe, au kuweka watu wawili mezani wajaze karatasi. Jibu linatakiwa Ijumaa. Kipi kinaleta ubingwa?

MnasaRibaundi: Hakuna hata kimoja, mkuu. Ribaundi, yaani kunasa mpira uliokosa goli, ndiyo inaleta ubingwa.

DadaHesabu: Kabla ya ubishi: wanawake au wanaume? Wakubwa au vijana? Mechi ngapi kwa msimu? Kamera inakaa wapi? Umeulizia dawa bila kutaja ugonjwa.

BenchiLaPili: Wanawake, wakubwa. Mechi kama ishirini. Kamera ni simu tu, jukwaani.

DadaHesabu: Basi karatasi. Dean Oliver, mtaalamu wa takwimu za kikapu, aliugawa ushindi katika mambo manne: ufanisi wa mitupo akaupa uzito wa asilimia 40, kupoteza mpira 25, ribaundi 20, mitupo huru 15. Yote yanahesabika kwa kalamu. Ufanisi unaupata hivi: mitupo iliyoingia, jumlisha nusu ya idadi ya mitupo ya pointi tatu iliyoingia, gawa kwa mitupo yote. Aliyerusha 10 akaingiza 4, mbili zikiwa za pointi tatu, ana asilimia 50, si 40. Halafu pimeni kwa mashambulizi 100, si kwa mechi, maana timu inayokimbia hufungwa pointi nyingi hata ikilinda vizuri. Mashambulizi ni mitupo yote, toa ribaundi za mbele (mnazonasa kwenye goli la wapinzani), ongeza mipira iliyopotea, ongeza mitupo huru mara 0.44.

MnasaRibaundi: 20 tu? Huyo bwana hajawahi kusimama chini ya goli.

KibaoChaKioo: Programu ninayo hadithi yake. Klabu niliyokuwa nayo ililipia moja, ada ya mwaka mzima, mapema. Taa za ukumbi hafifu, kamera moja pembeni, programu ikashindwa kutofautisha jezi 6 na 8. Namba 8 wetu alikuwa senta, pointi tatu hajawahi kujaribu hata mazoezini. Ripoti ikampa mitupo minne ya pointi tatu! Namba 6 aliyezifunga kweli akaandikiwa sifuri. Tulipolalamika tukajibiwa turekodi upya kwa kamera mbili. Mechi imeshachezwa, turekodi upya nini? Na kocha alikuwa ameshaiamini ripoti, mechi iliyofuata 6 akaanzia benchi. Binti wa watu alivumilia robo mbili, ya tatu akavua jezi akamkabidhi meneja, akaondoka na begi lake. Baada ya hapo kila ripoti nikawa naihakiki kwa kalamu. Sasa programu ya nini?

RoboYaNne: Mnaeleza kinachoshinda mechi, mwenzenu kauliza ubingwa. Kwenye NBA, ligi ya Marekani, Warriors 2015-16 walishinda 73 wakapoteza 9, wakaongoza fainali 3-1, kombe likaenda Cleveland. Dallas 2006-07 walishinda 67, wakatolewa raundi ya kwanza. Houston 2018, mechi ya saba, walirusha pointi tatu 44 zikaingia 7, wakatolewa. Kuna 27 zilikosa mfululizo!

DadaHesabu: Na Thunder 2024-25? Wastani wa tofauti ya pointi 12.9 kwa mechi, mkubwa kuliko wote katika historia ya NBA, na kombe wakabeba. Tofauti ya pointi inatabiri vizuri kuliko idadi ya ushindi. Haitoi hati ya kombe, hilo nakubali.

RoboYaNne: Walibeba kwa mechi saba, na ya saba Haliburton, nyota wa wapinzani wao, aliumia robo ya kwanza. Hiyo inaandikwa safu gani ya karatasi yako?

MnasaRibaundi: Detroit 2004 hawakuwa na nyota, wakawapiga Lakers ya nyota Shaq na Kobe 4-1 fainali. Ulinzi na ribaundi!

KibaoChaKioo: Hawakuwa na nyota? Ben Wallace ni mlinzi bora wa mwaka mara nne. Tena Rasheed Wallace alijiunga katikati ya msimu, kwa hiyo namba za miezi ya mwanzo ni za timu nyingine kabisa.

MnasaRibaundi: Ben alikuwa mnasa ribaundi. Asante kwa kunisaidia.

BenchiLaPili: Naelekea karatasi. Ila uongozi unaipenda plas-mainasi, ile tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa mchezaji akiwa uwanjani, nifanyeje?

DadaHesabu: Iandikeni, ila msipangie kikosi. Kwa mechi ishirini, anayeingia na kutoka pamoja na nyota wenu naye ataonekana nyota. Nani atakaa mezani?

BenchiLaPili: Mmoja ni mume wa nahodha. Wa pili tunamtafuta.

RoboYaNne: Mume wa nahodha? Asisti (pasi zinazozaa goli) za nahodha zitapanda msimu huu.

KibaoChaKioo: Mpe ahesabu wapinzani.

MnasaRibaundi: Ribaundi wahesabu wote wawili.