Gari la umeme kuchajiwa nyumbani: transfoma ya mtaa ikizidiwa, nani alipe?

Mleta mada, Mbezi

Wakuu, habari za jioni. Kila zikitajwa habari za magari ya umeme lazima atokee mtu aseme, "Umeme wenyewe wa kubahatisha, mtachajia nini?" Wa upande wa pili anajibu kwa kifua mbele: tuna Bwawa la Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115, umeme upo wa kumwaga. Mimi naona wote wawili wanabishania mtambo wakati shida iko kwenye waya.

Mnakumbuka Machi 2025 Rais Samia akiwa Kilimanjaro alisema Serikali inataka kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Watu walicheka, bwawa tunalo tunanunua ya nini? Sababu aliitaja: umeme ukitoka kusini mpaka kule juu unapotea njiani, hasara ya Sh32 bilioni kwa mwaka. Kwa hiyo umeme unaweza kuwepo Rufiji, bwawani kwenyewe, na usikufikie wewe.

Sasa ishusheni habari hiyo hadi mtaani kwenu. Transfoma ya kVA 100 pale kwenye nguzo, yaani inayobeba kilowati 100 kwa juu kabisa, inalisha nyumba kadhaa. Chaja ya ukutani ya ampea 32 inavuta kilowati 7 na ushee. Wenye magari kumi wakirudi kazini saa moja jioni wakachomeka, hizo ni kilowati 70 na zaidi, kabla hujahesabu AC, friji, pasi na pampu za maji. Ni saa ile ile ambayo taa za kwetu tayari zinafifia.

Na kinachoniudhi ni kwamba chaja hiyo wengi hawaihitaji. Mtu wa Mbezi anayekwenda Posta, katikati ya Dar, na kurudi, na mizunguko yake, tuseme kilomita 50. Gari dogo litakula uniti nane au tisa (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja). Soketi ya kawaida kwa ampea 10 inatoa kilowati 2.3, kwa hiyo saa nne zinatosha. Ukichomeka saa nne usiku, saa nane umeshamaliza na bado umelala.

Pendekezo langu: anayechaji taratibu usiku aachwe kwa amani. Anayetaka chaja ya kilowati 7 aombe kibali, laini ipimwe, na kama transfoma haitoshi achangie kubwa zaidi. Mnasemaje?

Mkazi wa Goba

Mkuu, hapo kwenye kuchangia umenipoteza. Jirani yangu ana AC tano na heater ya papo kwa papo kila bafu, moja inavuta kilowati tano na kitu. Hakuna aliyemwomba kibali. Leo mimi ninayeacha petroli ndiyo nipimiwe laini?

Halafu uniti nanunua Sh356 pamoja na kodi, kama mwingine yeyote. Gari langu kwa kilomita 100 linakula uniti kama 17, yaani elfu sita na kidogo. Toyota IST niliyouza ilikuwa inakunywa lita nane za petroli kwa mwendo huo kwenye foleni, na bei ya lita mnaijua. Faida naipata, sikatai. Lakini hizo uniti zote ni mapato ya shirika la umeme. Duka likipata mteja mkubwa linaongeza rafu, halimwambii mteja anunue rafu.

Mleta mada

Kaka, heater ni dakika kumi na watu wanapishana bafuni. Gari linavuta saa kadhaa bila kupumzika, na transfoma inachoka kwa joto la mzigo unaodumu. Ila kwa AC tano umenibana, huyo naye apimiwe laini.

Fundi umeme, Mbeya

Mnabishana transfoma wakati moto utaanzia ndani ya nyumba. Soketi za bei chee zinastahimili pasi ya nusu saa. Ampea 10 kwa saa nne mfululizo, kila siku, ni kazi nyingine. Nimeshafungua soketi ya nje nikakuta tundu la laivu limegeuka rangi ya kahawia, plastiki imelegea kama nta, na mwenye nyumba anasema "mbona inafanya kazi tu." Alikuwa amepitishia waya wa ekstensheni dirishani.

Vuta waya wake wenyewe kutoka meni suichi, milimita nne au sita kulingana na umbali, weka breka yake, na erthi ipimwe. Kuna chaja zinazogoma kabisa kama erthi ni mbovu, mtu analaumu gari.

Na mnaonunua Nissan Leaf, magari ya umeme yaliyotumika kutoka Japani, kabla ya kuuliza chaja angalieni vile vipau kumi na viwili vya afya ya betri kwenye dashibodi. Betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji. Joto la Dar halina huruma nayo.

Mchangiaji, Nairobi

Huku kwetu EPRA, mamlaka ya nishati, iliweka bei ya vyombo vya umeme mwaka 2023: shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na usiku shilingi 8. Lakini ni lazima uwe na mita tofauti ya kuchajia. Hiyo ya usiku ndiyo inasukuma watu wangoje wengine walale. Nyinyi mnalipa bei moja mchana na usiku, sasa mtu atangoja saa nne kwa faida gani? Kwa upendo wa majirani?

Mleta mada

Hapo sawa kabisa, ndugu. Bei ya usiku ingefanya kazi kuliko kibali changu.

Mwingine, Dodoma

Barabara je? Kwenye kila lita ya petroli kuna tozo ya barabara. Wa umeme anapita bure.

Mpangaji, Manzese

Nyie mnaongea chaja za ukutani, sisi yametukuta na pikipiki. Nyumba yetu ina vyumba vitatu, mita moja ya LUKU, taa, redio na TV moja. Tulikuwa kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, mwisho uniti 75 kwa mwezi kwa Sh9,150, tunachanga na zinatupeleka mwezi mzima. Akahamia kijana wa bodaboda ya umeme. Kila usiku anachomoa betri, anaingia nayo ndani, anachomeka. Uniti tatu kwa siku. Zidisheni wenyewe, ni 90 kwa mwezi kwa betri peke yake. Tukatolewa kwenye bei ya chini, sasa uniti iliyokuwa Sh122 tunainunua Sh356. Mama wa chumba cha kati anauza ubuyu, taa yake moja, naye kapandishiwa.

Kijana si mkorofi, analipa zaidi yetu wote. Lakini hata akilipia uniti zake zote, zetu zimeshapanda. Tumeambiwa tufunge sabumita, mita ndogo ya kila chumba.

Fundi umeme, Mbeya

Dada, sabumita itawasaidia kugawana tu, bei yenu haitarudi. LUKU inahesabu jumla ya nyumba, haijui betri ni ya nani. Dawa ni kijana awe na mita yake.

Mpangaji, Manzese

Tumeshamwambia mwenye nyumba. Anasema mita ya pili ni ya mpangaji mwenye mkataba wa mwaka, na kijana analipa kodi ya mwezi mwezi. Hapo ndipo tulipokwama.