Naomba ushauri: kumtembeza mama Phoenix mwezi wa saba

Habari zenu wadau. Mama anatoka Dodoma kuja kunitembelea hapa Phoenix, Arizona, mwezi wa saba, joto la mchana likipita nyuzi 40. Jua la Dodoma amelizoea, ila hili ni jingine. Anapenda sana nyumba za kale na kazi za mikono, lakini magoti yanamsumbua. Akisimama muda mrefu yanavimba.

Heard Museum tutaenda, hilo halina mjadala: ipo tangu 1929, ndani kuna kiyoyozi, na vile vikapu vya wenyeji wa asili atavikagua ukili kwa ukili, maana naye husuka. Kinachonitatiza ni Rosson House ya mwaka 1895, yenye ngazi, na Taliesin West, iliyokuwa nyumba ya msanifu majengo Frank Lloyd Wright, kule Scottsdale, ambako sehemu ya ziara ni nje. Tovuti zao nimesoma, bado sijaelewa mzee atapumzika wapi.

Mliowahi kumpeleka mzazi Taliesin West asubuhi, kuna pa kukaa njiani? Na Ijumaa ya kwanza ya mwezi, tukitaka kuzungukia majumba ya sanaa ya Roosevelt Row, lami huwa imepoa kufikia saa ngapi usiku?