Mgeni kaandika safari yetu ilikuwa "disastrous", hilo neno zito kiasi gani?

Dereva wa Nyika
Wakuu habari za jioni, nipo Arusha naendesha gari la wageni. Juzi nimepeleka wazee wawili wa Uingereza Ngorongoro, njiani pancha mbili na spea ninayo moja, tumekaa pale saa tatu nzima tunasubiri chalii alete tairi, halafu kufungua lanchi boksi kuku ana barafu ndani. Leo bosi kanifowadia walichoandika, eti "disastrous". Najua ni mbaya sana ila si wana "terrible"? Na mwanangu wa fomu tu anasema humo kati kuna nyota kama kwenye astronomia, ananidanganya?

Ticha wa Moshi
Hajakudanganya kaka. Ni Kiitaliano, disastro: "dis" ni ya ubaya, "astro" nyota, na hiyo astro ina asili ya Kigiriki. Waingereza wameipata kupitia Kifaransa mwishoni mwa miaka ya 1500. Enzi hizo waliamini nyota ikikaa vibaya juu huku chini mambo yanaharibika. Kuna sehemu kwenye King Lear ya Shakespeare yule Edmund anawacheka watu wanaoboronga wenyewe halafu wanasingizia jua, mwezi na nyota, na neno lililotumika ni hilohilo disasters. Hata influenza Waitaliano walimaanisha athari za nyota, mafua yalionekana yametumwa kutoka juu.

mangi_mdogo
Kumbe wazungu nao nyota zao huwa zinafifia 😂 na huku kila nguzo ya umeme ina tangazo la kusafisha nyota, wangepigia tu hizo namba

Bi Zohali
Msicheke, na sisi tunalo. Nuhusi ni Kiarabu, nahs, na wanajimu wa Kiarabu waliziita Zohali na Mirihi nyota mbili za nuhusi. Kwa asili hilo ndo ndugu yake kabisa, ila kwa matumizi ya leo disaster ni maafa, kama lile tope la Hanang Desemba 2023.

Ticha wa Moshi
Sawa Bi mkubwa, ila disastrous wanaitumia hata kwa vitu vidogo. Terrible unaweza kusema kuhusu kuku peke yake. Disastrous ni pale kimoja kinaharibika kinavuta kingine, tairi, kuchelewa, njaa, mpaka siku nzima imekwenda. Kwa hiyo hapo ningetafsiri "safari ilienda mrama", hawajasema umeua mtu.

Dereva wa Nyika
Asanteni sana. Nimempelekea bosi hayo ya nyota, kajibu kwamba kuku ni mambo ya mpishi ila pancha ni nyota yangu mimi. Spea ya pili nimeomba tangu mwezi wa sita.