Eti "kwani unanunua maziwa?" Muuza tairi wa kona amenichefua!

Wakuu, mnamjua. Yule wa tairi za mtumba anayezipaka dawa mpaka zinang'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Unauliza tairi ya mwaka gani, anakujibu mbele ya kadamnasi: "Kwani unanunua maziwa?" Maziwa! Boda wote wa kijiwe wakaangua kicheko.

Jibu liko ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT, tarakimu nne. 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Usipoziona nje geuza tairi, mara nyingi zimepigwa upande mmoja tu. Zake zimesuguliwa kwa msasa! Anayefuta tarehe anaficha nini? Raba ikizeeka inakakamaa na kufanya nyufa chini ya kashata, ile michoro inayokanyaga lami. Kashata inaweza kuwa nene na mvua ya kwanza ya masika bado ikakupeleka mtaroni. Halafu naambiwa maziwa.

Na zimeandikwa STUDLESS! Tairi za theluji za Japani, raba laini ya kukamata barabara kwenye baridi chini ya nyuzi 7, anazimwaga Dar kwenye nyuzi 32. Lami ya saa nane mchana inazila, gari linayumba kwenye kona. Maziwa, wakuu. MAZIWA.

Rimu Kavu: Pole mkuu. Kagua pia kama zimechongwa upya kwa kisu cha moto. Ndani ya mifereji kuna vinundu vya kuonyesha kikomo cha kulika, kimo 1.6 mm. Ukikuta mfereji umechimbwa kupita vinundu, au waya zinachungulia, hiyo inasubiri jua la Chalinze ipasuke.

Mzee wa Kitonga: Uzi mzima maziwa tu. Ulimjibu nini, au ulinywea ukaja kulia humu?

Jeki Mbovu: Afadhali huyo. Muuaji ni wa upepo! Kila gari anashindilia PSI 45, kile kipimo cha upepo. Kibandiko cha upepo unaotakiwa kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, gari ndogo nyingi ni PSI 30 hadi 35. Kashata inabaki kugusa lami katikati tu, inalika hapo hapo na mshiko unapungua.

Rimu Kavu: Na wanaopunguza upepo njiani tairi ikiwa ya moto! Kupanda PSI 4 baada ya mwendo ni kawaida. Ukiutoa, asubuhi tairi iko chini, ubavu unajikunja, unachemka, unapasuka. Pima kabla hujaondoka, tairi ikiwa baridi. Basi.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye maziwa. Amenidhalilisha!

Mzee wa Kitonga: Kunywa ulale.

Spana 21: Mnaacha wanaokaza nati kwa kurukia spana! Corolla inataka nguvu ya kukaza 103 Nm tu, wao wanapanda na miguu yote miwili. Nati zinakazwa kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kuzunguka, na zinarudiwa baada ya kilomita 50 hivi. Stadi, ile bolti inayoshika nati, ikishavutika, fundi anayefuata akiigusa tu inakatika.

Jeki Mbovu: Umenigusa kidonda. Na stadi zenyewe siku hizi ni bati tupu.

Spana 21: Ndiyo maana nauliza: Kariakoo nani anauza stadi za M12x1.5 (unene 12 mm, hatua ya uzi 1.5 mm) za uhakika? Si za yule wa ghorofani.