Boti za mbio za Pen Duick: zilikuwa ngapi?

MwanaMikindani: Wakuu, mjomba wangu ni fundi wa ngalawa hapa Mikindani. Nimemwonyesha picha ya boti ya Kifaransa yenye bodi tatu, Pen Duick IV. Kasema, "Hiyo si ngalawa tu, matengo mawili ya pembeni ya kuizuia isipinduke?" Nahodha, shikamoo kama upo. Hizo Pen Duick zilikuwa ngapi?

Nahodha_Kitunda: Marahaba mwanangu. Sita, zote za Éric Tabarly, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa. Ya kwanza iliundwa 1898 kwa mchoro wa Mskoti William Fife, akaipata kwa baba yake mbao zimeshaoza. Basi 1958 akaifanya kalibu: akaibandika faiba tabaka kwa tabaka, kisha akazitoa mbao za ndani, umbo likabaki lile lile. Hapa Lindi nimeona mashua zinapasuliwa kuni kwa kuoza kidogo tu! Kwangu hilo linapita vikombe vyake vyote.

Na vikombe anavyo. Ya pili, 1964, kwenye mbio za mtu mmoja mmoja, alivuka Atlantiki peke yake toka Plymouth, Uingereza, hadi Newport, Marekani, akawaacha Waingereza nyuma. Ya tatu ilishinda mbio za Fastnet za Uingereza 1967.

Ya nne, 1968, ni ya alumini. Mjomba kapatia nusu. Tengo letu ni ubao unaokata maji. La Mfaransa ni bodi kamili, ndani hewa tupu, upepo ukizidi linabeba uzito wa chombo. Baadaye aliinunua Alain Colas, akaiita Manureva. Mwaka 1978, kwenye mbio za kwanza za Route du Rhum, akapotea nayo. Haijaonekana mpaka leo.

Shangani_B: Na ile ya maji tumboni?

Nahodha_Kitunda: Ya tano hiyo, 1969, San Francisco hadi Tokyo, akashinda. Matangi huku na huku, maji yanahamishiwa upande wa joshi, unakotoka upepo, chombo kisilale. Mashua ya Msangamkuu farumi yake, yaani uzito wa kuituliza, ina miguu: "Abiria, sogeeni joshini!"

Ya sita, 1973, mkuku wake, uti wa chini wa chombo, ulikuwa wa yuraniamu, metali nzito mno, jamani! Ilivunjika mlingoti mara mbili kwenye mbio za kuzunguka dunia. Lakini 1976 Tabarly akashinda nayo Atlantiki peke yake, chombo cha mabaharia zaidi ya kumi. Alikufa 1998, akianguka baharini usiku toka ile ya kwanza, karibu na Wales.

MwanaMikindani: Asante sana nahodha. Mjomba anauliza alumini inauzwaje kwa kilo.